Nywele Zikinyonyoka kwa Mionzi

Mwaka 1896, miezi michache tu baada ya mwanafizikia Röntgen kutangaza eksirei, Profesa John Daniel wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alimpiga mwenzake picha ya fuvu. Siku 21 baadaye, nywele zilizokuwa zimeelekea mashine zikanyonyoka. Mpaka leo mgonjwa anayepigwa mionzi ya kichwa huanza kuziona kwenye mto katika wiki ya pili au ya tatu.

Mionzi huziwinda seli zinazogawanyika upesi, na zile za shina la unywele hazipumziki. Ila nywele hunyonyoka pale tu miale inapoingilia au inapotokea. Aliyepigwa mionzi ya titi habaki na kipara kwa sababu ya mionzi hiyo. Nywele za kichwa zikimtoka, aulizie dawa za kemo.

Madaktari hupima hasara hiyo kwa vigezo vya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, toleo la tano la 2017. Madaraja ni mawili tu. La kwanza: zimepotea chini ya nusu, kwa mbali huoni kitu, na kubadili mtindo kunatosha kuficha. La pili: nusu au zaidi, kila mtu anaona, na anayetaka kuficha kabisa atahitaji wigi. Kinacholinganishwa ni nywele za mgonjwa mwenyewe kabla ya tiba.

Kwangu, vigezo hivi vinajali mno macho ya watu. Mzee anayenyoa upara kila Ijumaa hatasumbuliwa na daraja la pili, ilhali binti mwenye doa la upara lenye ukubwa wa kiganja juu ya sikio, ambaye kwa hesabu yuko la kwanza, huenda akajifungia ndani.

Dozi ya mionzi husema mapema kuliko vigezo hivyo. Utafiti uliochapishwa 2020 katika JAMA Dermatology uliwafuatilia watu 71 ambao nywele hazikurudi sawasawa hata baada ya miezi sita. Ulikadiria kwamba, miongoni mwa watu kama hao, ngozi ya kichwa ikipata grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 36 hivi, uwezekano wa kuangukia daraja la pili ni nusu kwa nusu. Wengi waliopaka dawa ya minoksidili walipata nafuu, japo mara nyingi si kamili.

Basi kabla ya kuanza tiba, muulize daktari ngozi ya kichwa itapata grei ngapi, na kama miale inaweza kupangwa iipunguzie. Kisha piga picha ya kichwa chako, pande zote, uiweke kwenye faili lako.