Kidonda cha Utotoni na Kazi ya Mikono

Jeraha la mwili huonekana, na mama huliosha kwa maji ya moto. Lakini yako majeraha ayapatayo mtoto nyumbani mwao, wala hapana ayaonaye. Mwezi huu twawaeleza habari za mwanamke aliyeyatafutia dawa kwa kuchonga na kufinyanga. Msidhani twanena sanamu za kuabudiwa. Hizi ni kazi za mikono tu.

Jina lake Louise Bourgeois, naye alizaliwa Paris, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1911. Wazazi wake walitengeneza vitambaa vya kale vya ukutani, vilivyofumwa kwa picha. Louise, angali mtoto, alichora miguu ya picha zilizochakaa, ili mafundi wapate kuifuma upya. Walakini baba yake alimfanya hawara yule mwalimu wa Kiingereza aliyewafundisha watoto, naye akakaa nyumbani mle mle miaka mingi. Mama alijua, akanyamaza. Watoto nao walijua.

Louise alisimulia baadaye ya kwamba, baba alipokuwa akijisifu mezani, yeye alitwaa mkate, akaulainisha kwa mate, akafinyanga mfano wa baba yake. Kisha akaukata viungo kwa kisu. Hiyo aliihesabu kuwa mwanzo wa kazi yake.

Mama alifariki mwaka 1932. Louise aliolewa, akahamia New York mwaka 1938. Baba alipofariki mwaka 1951, huzuni ilimlemea hata akamwendea daktari wa nafsi miaka mingi. Lakini kazi ya mikono hakuiacha. Mwaka 1974 alitengeneza kazi iitwayo Kuangamizwa kwa Baba, na ghadhabu ile ya mezani imo ndani yake. Tena mwaka 1999, akikaribia umri wa miaka 88, alitengeneza buibui wa chuma, kimo chake chapita mita 9, amebeba mayai ya marumaru, akamwita Maman, yaani Mama. Kwa nini buibui? Kwa kuwa mama yake alikuwa mfumaji mvumilivu, na buibui, utando wake ukipasuka, huufuma tena.

Je, alipona? Hatusemi kidonda kilifunga kabisa, kwa maana alirejea habari za utoto wake hata uzeeni. Akafariki mwaka 2010. Lakini neno lisiloweza kusemwa mezani lilipata njia ya kutoka, pasipo kumdhuru mtu.

Basi, enyi wazazi, amri ya kuwaheshimu baba na mama haimpi baba ruhusa ya kumfanya mtoto shahidi wa dhambi yake. Nanyi walimu, mtoto anyamazaye siku zote mpeni udongo na nafasi. Akifinyanga jambo la kutisha, msimcheke wala msimpige. Keti karibu naye, mwulizeni kwa upole. Akiwaambia neno zito, lisiwe uvumi wa kijiji. Na amdhuruye azuiwe kwanza, kwa kuwa udongo hauwezi kumponya mtoto angali akiumizwa.