Hatari ya Maji ya Moto kwa Wazee

Nchini Japani, mtu hujisugua na kujisuuza kwanza, ndipo huingia katika hodhi lenye kina na kukaa ndani ya maji ya moto yanayomfika mabegani. Desturi hiyo huupumzisha mwili na kuondoa baridi. Hata hivyo, kwa wazee huweza kuleta mauti. Mwaka 2021, watu zaidi ya 4,700 wenye umri wa miaka 65 au zaidi walikufa maji katika mahodhi ya kuogea, takriban mara mbili ya wazee waliokufa katika ajali za barabarani mwaka huo. Je, yawezekanaje mtu mzima azame katika maji machache namna hiyo? Aghalabu huzimia kwanza, kisha huzama.

Yatukiayo mwilini

Vifo hivyo huongezeka majira ya baridi. Nyumba nyingi hupashwa joto sebuleni, lakini si katika chumba cha kuvulia nguo. Mzee avuapo nguo humo, mishipa ya damu ya ngozi hunywea na shinikizo la damu hupanda. Aingiapo katika maji ya nyuzi 42 za Sentigredi, mishipa hiyo hutanuka na shinikizo hushuka. Mwili wa kijana hulisawazisha badiliko hilo upesi kwa kurekebisha mapigo ya moyo. Mwili wa mzee huchelewa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huzidisha kushuka huko.

Maji nayo huubana mwili. Katika kina cha sentimita 50, kanieneo huongezeka kwa kilopaskali 5 hivi, sawa na safu ya zebaki ya milimita 37. Nguvu hiyo husaidia kuirudisha damu ya miguuni moyoni. Mzee ainukapo ghafla, msaada huo hutoweka, damu huteremka miguuni, na ubongo hupungukiwa. Ndipo hushikwa na kizunguzungu na kuanguka.

Akikaa humo muda mrefu, joto la mwili hupanda na jasho humpunguzia maji. Kwa kuwa uzee hufifisha hisia ya joto na ya kiu, huweza kulegea na kupotewa na fahamu bila ya kutambua hatari.

Kinga

Serikali ya Japani huwashauri wazee kupasha joto chumba cha kuvulia nguo kabla ya kuoga, kutumia maji yasiyozidi nyuzi 41, kutokaa ndani zaidi ya dakika 10, kutooga baada ya kunywa pombe au mara tu baada ya kula, kuinuka polepole, na kuwaarifu watu wa nyumbani kabla ya kuingia. Amkutaye mzee amezimia hodhini hupaswa kuzibua maji yatoke, kukiinua kichwa chake, na kuita msaada mara moja.

Ushauri huo hauwakatazi wazee starehe yao. Hatari haimo katika joto peke yake, bali pia katika mabadiliko ya ghafla ambayo moyo na mishipa iliyochakaa haiwezi kuyafuata. Kuyapunguza makali mabadiliko hayo ni kinga isiyohitaji dawa.