Mazoezi Yasiyoitwa Mazoezi: Moyo, Baiskeli na Pikipiki Mjini Kisumu

Neno "mazoezi" lina uhusiano na kitenzi "zoea", yaani kufanya jambo mara kwa mara hadi likawa tabia. Hata hivyo, katika matangazo ya afya neno hili aghalabu humjengea msikilizaji taswira ya uwanja, viatu vya michezo na kocha. Mwendesha bodaboda ya baiskeli aliyembeba abiria kutoka soko la Kibuye hadi Kondele, mjini Kisumu, hakujihesabu miongoni mwa wafanya mazoezi, ingawa ndivyo alivyokuwa.

Moyo uliozoeshwa kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Kwa hivyo hupiga mara chache mtu anapopumzika, na shinikizo la damu hupungua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unampendekezea mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Ukali, basi, hufidia muda. Kipimo chake chepesi ni cha usemaji, jambo linalopaswa kuwavutia wanaisimu: anayeweza kuzungumza lakini akashindwa kuimba yumo katika wastani; anayekatika pumzi baada ya maneno machache amefikia ukali. Aidha, kazi, safari na shughuli za nyumbani huhesabiwa pia. Mvuvi wa Dunga avutaye wavu yumo. Na anayefaidika zaidi ni yule aliyekuwa akikaa tu, akaanza kidogo.

Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli zilizidi kuzipisha injini. Safari zilifupika, na si haki kumlaumu aliyetafuta riziki kwa wepesi. Lakini mwendeshaji sasa huketi. Mwaka 1953, Jeremy Morris na wenzake walionyesha kuwa madereva wa mabasi ya London waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za ghorofa siku nzima. Kukaa hakukuwa tofauti pekee baina yao, ila ilikuwa kubwa.

Tangazo linalomwambia mwendesha pikipiki "afanye mazoezi" humtaka atafute uwanja. Afadhali limwambie atembee upesi nusu saa, siku 5 kwa wiki, hata kwa vipande vya dakika chache. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.