Harufu ya nguruwe Mangina: nani atapima hewa?

Jioni kisha mvua, hapa Mangina, upepo unatulia na moshi wa makala unabaki chini. Ndiyo saa harufu ya nguruwe inatoka nyuma ya majiko na kuingia ndani ya nyumba za majirani. Mama mmoja mwenye nguruwe watatu alituambia bila kuficha: "Ile harufu hata sisi inatusumbua. Lakini ile nguruwe ndiyo minervali ya batoto." Jirani yake ana mtoto wa pumu. Haombi nguruwe wauawe. Anaomba kuwe kanuni inayojulikana, ili wasigombane kila siku juu ya kitu kimoja.

Tusiwahukumu haraka wafugaji. Tangu mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni mwaka 2014, jamaa nyingi zimekimbia vijiji na kubanana hapa katikati. Shamba liko mbali, na njia yake inaogopesha. Basi mnyama analala pale mwenyewe analala. Zaidi ya hayo, tuliambiwa sisi wote kwamba nguruwe wasizurure, sababu wanaharibu mashamba na kueneza homa ya nguruwe, ile inayomaliza kibanda kizima kwa siku chache. Shauri ni zuri. Lakini nguruwe anayefungwa anakojoa na kunya mahali pamoja, na hapo tatizo lingine linaanza.

Mkojo peke yake haunuki sana. Ukichanganyika na mavi, vijidudu vinaugeuza kuwa amonia, hewa kali inayochoma macho na koo. Joto na maji vinaharakisha kazi hiyo. Mavi yakikaa ndani ya shimo bila hewa, yanatoa gazi nyingine yenye harufu ya yai bovu, na hiyo ikizidi inaua pua kwanza: mtu anadhani harufu imeisha, kumbe hatari imepanda. Mwenye nguruwe naye pua yake inazoea. Ndiyo maana kumuuliza yeye kama kibanda kinanuka haisaidii kitu.

Ulaya na Marekani wanapima kwa mashini, na pia kwa mirija midogo ya kioo inayobadilisha rangi amonia ikipita ndani. Kwa mfanyakazi wa siku nzima, taasisi ya Marekani inayochunga afya kazini inashauri amonia isipite sehemu 25 katika milioni moja za hewa. Tuangalie vizuri: hiyo ni kwa mtu mzima anayerudi kwake jioni, si kwa mtoto anayelala mita nne kutoka kibanda.

Lakini mashini hazimalizi maneno. Mwaka 2005 serikali ya Marekani ilipatana na wafugaji wakubwa: wachangie pesa za kupima, na wakati huo wasishitakiwe. Walipima kati ya 2007 na 2010. Miaka mingi ikapita kisha hapo, na njia rasmi ya kuhesabu hewa chafu ya shamba moja bado haikukamilika. Kumbe kungojea kipimo kunaweza kuwa namna ya kutofanya kitu. Ufaransa, kwa mashamba makubwa, wameshika pia kitu rahisi: mita 100 kati ya jengo la wanyama na nyumba ya mtu mwingine. Mita unaweza kuhesabu kwa kamba.

Na kwetu? Sheria ziko. Katiba, artikle 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kuna sheria nambari 11/009 ya 9 Julai 2011 juu ya kulinda mazingira, na dekreti ya 29 Mei 2013 juu ya kazi zinazoweza kuleta hatari ao usumbufu kwa majirani. Tunaona zilifikiria zaidi viwanda kuliko nguruwe watatu wa mama mjane. Mita 100 hapa haiwezekani: parsele nyingi hazifiki mita 30 upande mmoja. Ukiitumikisha hivyo, unafukuza nguruwe wote wa Mangina, na minervali pamoja nao. Ao, ndilo watu wanaogopa zaidi, wakaguzi watapita kuomba pesa na harufu itabaki.

Mangina inajua mambo ya kupimwa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ilikuwa hapa, na kwa muda mrefu kila kizuizi kilikuwa na mtu wa kupima joto kwenye paji la uso. Watu walikataa pale walipoamriwa bila kuelezwa, na wakakubali zaidi pale mtu wa avenue yao alisimama na kueleza.

Kwa hiyo sisi tungeanza na kayé moja kwa shefu wa avenue. Pua tatu, zote za watu wasio na nguruwe, asubuhi na jioni, waandike nguvu ya harufu kutoka 0 hadi 5, pamoja na mvua na upepo. Msicheke: hata Ulaya harufu inapimwa rasmi kwa pua za watu waliochaguliwa. Halafu kanuni chache: kibanda kiwe upande wa parsele ulio mbali na dirisha la jirani, sakafu yenye mteremko, maganda makavu ya mpunga ao unga wa mbao chini ya wanyama, mavi yatoke kila siku na kufunikwa kwa udongo mpaka yawe mbolea. Mashini za mpunga ziko, na mbao zinapita hapa kila siku. Mavi makavu hayatoi amonia kama yale ya matope.

Swali moja hatukupata jibu lake. Mwenye kupanga chumba kimoja, aliyekimbia na nguruwe wake, hana upande wa parsele wa kuchagua. Kibanda kinakaa pale mwenye nyumba anaamua, na mwenye nyumba mara nyingi anaishi Beni ao Butembo. Yule mama ni mmoja wao. Amemwaga mifuko miwili ya maganda, na anatafuta mtu wa kununua nguruwe mkubwa mbele ya Septemba.