Dhahabu ya Macalder na Dawa Zake

Kila mashimo ya dhahabu ya Nyatike, kaunti ya Migori, yanapoporomoka, magazeti hutuhesabia waliofukiwa na kusahau kinachoendelea juu ya ardhi, kwenye uchenjuaji, ambako madhara huja polepole. Zebaki, dawa inayonasa dhahabu, inajulikana na wengi. Leo ni zamu ya sianidi, ambayo historia yake inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mwaka 1887, mjini Glasgow, mkemia John Stewart MacArthur na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, walisajili njia ya kuyeyusha dhahabu kwa maji yenye sianidi kidogo mno na hewa, kisha kuinasa kwa zinki. Miaka michache baadaye njia hiyo iliyaokoa machimbo ya Afrika Kusini, ambayo mawe yake ya kina kirefu zebaki ilikuwa imeyashindwa. Mwaka 1896 mahakama ya Transvaal, hukohuko Afrika Kusini, ikaifuta hataza yao, na wenye migodi wakaendelea kutajirika bila kuwalipa wavumbuzi. Tamaa hiyo haikuanzia Migori.

Mgodi wa Macalder wa hapo Nyatike, uliotoa dhahabu na shaba hadi miaka ya 1960, uliacha vilima vya mchanga ambao leo unasagwa na kuoshwa upya. Shaba iliyomo hula sianidi kabla haijaifikia dhahabu, ndiyo maana mchenjuaji asiyepima huongeza dawa bila hesabu. Kuna watakaosema sianidi ni sumu ya kuua papo hapo, heri zebaki. Ni kweli inaua, lakini jua na hewa huivunja. Zebaki haivunjiki, na ikifika kwenye tope la mto hugeuka sumu inayojikusanya katika samaki. Kosa kubwa zaidi ni kuzichanganya: marudio, yaani mchanga uliokwisha kupitia zebaki, yakimwagiwa sianidi, zebaki nayo huyeyuka na kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata wa 2013 unautaja mtindo huo miongoni mwa inayopaswa kukomeshwa, pamoja na kuchoma zebaki iliyoshika dhahabu katika makazi ya watu.

Atakayejibu kwamba mchimbaji maskini hana njia nyingine, aelewe kuwa zebaki huacha dhahabu nyingi kwenye mchanga wake, na anayenunua marudio yake ndiye anayefaidi. Na sumu haiishii machimboni: Mto Kuja huingia Ziwa Victoria, na ziwa halijui mpaka wa Migori na Homa Bay. Serikali za kaunti hizi mbili zianze na hili moja: marudio yenye zebaki yasiguswe na sianidi kabla ya zebaki kutolewa.