Kiti cha Hakimu: Maadili katika Fantasia ya Shaaban Robert na ya Waliomfuata

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maadili yanavyojengwa katika riwaya za Kiswahili za kifantasia, kuanzia Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) hadi Nagona (1990), Mzingile (1991) na Bina-Adamu! (2002). Hoja kuu ni kwamba fantasia mpya haijayaacha maadili, bali imeihamisha mamlaka ya kuhukumu kutoka ndani ya hadithi na kumkabidhi msomaji.

1.0 Utangulizi

Walimu wa Fasihi ninaozungumza nao hapa Nyasho, mjini Musoma, hunirudishia swali lilelile: funzo la Nagona ni lipi? Swali hilo limezaliwa na mazoea tuliyoyapata kwa Shaaban Robert, ambaye humaliza hadithi baada ya kila mtendaji kupata stahili yake. Mwalimu asipolipata jibu la namna hiyo kwa Euphrase Kezilahabi, huelekea katika mojawapo ya njia mbili: kudai kwamba riwaya haina maadili, au kubuni funzo ambalo mwanafunzi atalikariri kwa ajili ya mtihani. Njia zote mbili humnyima mwanafunzi riwaya yenyewe.

2.0 Fantasia yenye Baraza

Kusadikika ni nchi inayoelea angani, lakini ina mfalme, mawaziri na baraza. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kueneza elimu ya sheria. Katika kujitetea, anasimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarejea na maarifa yenye manufaa na kuishia gerezani. Hatimaye Karama anashinda, na wajumbe wanafunguliwa. Ikumbukwe kwamba riwaya hii iliandikwa Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, na ugeni wa nchi ile ulimpa mwandishi nafasi ya kuusema udhalimu wa watawala. Hata hivyo, ugeni huo una mpaka: baraza la Kusadikika ni dhalimu, lakini lina masikio. Hoja nzuri ikisemwa kwa ujasiri, hukumu hubadilika.

Mbinu ya majazi huimarisha mpangilio huo. Jina kama Majivuno ni hukumu iliyotangulia kitendo. Msomaji humjua mkosaji kabla ya kosa, na kazi yake ni kushuhudia haki ikitimia.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuiona fantasia hii kuwa mahubiri matupu. Adili na Nduguze inafuata kisa cha Abdallah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela. Katika kisa cha Kiarabu, ndugu wawili waovu wanageuzwa mbwa; kwa Shaaban Robert, Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani, na Adili analazimika kuwachapa kila usiku ingawa anawahurumia. Tofauti kubwa zaidi iko mwishoni. Kisa cha awali kinawarudisha ndugu hao katika uovu, nao wanauawa. Shaaban Robert anawarudishia utu wao na kuwapatanisha na ndugu yao. Aliirithi fantasia, lakini msamaha aliuchagua mwenyewe.

3.0 Fantasia yenye Kiti Kitupu

Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, anatupeleka kwingine. Katika Nagona, msimulizi anapita katika mji ulio kimya ambamo anakutana na wanafalsafa wa Ugiriki na Ulaya, na hakuna anayemkabidhi ukweli uliokamilika. Katika Mzingile, msimulizi anampelekea mzee anayeishi peke yake taarifa ya kifo cha mwanawe. Mzee huyo amesomwa na wahakiki wengi kuwa taswira ya Mungu. Ikiwa usomaji huo ni sahihi, basi yule ambaye rufaa zote zingefikishwa kwake amejitenga na dunia, na kiti cha hakimu ki kitupu. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hajui zaidi ya msomaji, wala majazi hayamsaidii yeyote.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila inaliendeleza tatizo hili kwa njia tofauti. Mhusika mkuu anamfuatilia P.P. katika mabara kadhaa, akipitia makovu ya historia, yakiwemo ya Hiroshima. Herufi hizo mbili zinamrejelea Peter Pan, mtoto wa J. M. Barrie asiyetaka kukua. Majazi, basi, hayajafa. Yamefichwa nyuma ya mwingilianomatini, na msomaji ndiye anayepaswa kuyafumbua: nguvu inayoitawala dunia ni mtoto anayecheza bila kuwajibika. Mshtakiwa wa namna hiyo hana baraza la kumwita.

Mabadiliko haya hayakwenda katika mstari mnyoofu. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzimu wa babu unamzukia K, mtu wa tabaka la watawala, na kumwonyesha hali ya watu aliowapa kisogo. Hapa hakimu amerejea, lakini anatoka kaburini. Miongoni mwa walio hai, hakuna aliyebaki na mamlaka ya kumkemea K.

4.0 Hitimisho

Tofauti ya vipindi hivi viwili, kwa hiyo, haiko katika kuwepo au kutokuwepo kwa maadili. Shaaban Robert aliamini kwamba mtawala anaweza kusikia. Waliomfuata waliandika baada ya matumaini mengi ya uhuru kuvunjika, wakiwa hawana tena hakika ya nani asikilize. Darasani, badala ya kuuliza funzo ni lipi, tuulize: nani anahukumu katika riwaya hii, na kwa kipimo gani? Swali hilo linamfaa Karama mbele ya mfalme, na linamfaa pia msimulizi wa Mzingile mbele ya mzee aliyekaa kimya. Linamdai mwanafunzi atoe hukumu yake mwenyewe na kuitetea kwa ushahidi wa matini, na hilo ndilo zoezi la kimaadili ambalo jibu la kukariri haliwezi kumpa.