Goma: Linux ikiganda wakati wa kuwekwa, kompyuta yako ya Kituku haijakufa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inakataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Kwa jamaa la Kituku lenye kompyuta moja tu ya okazioni, ambayo mtoto anaandikia kazi yake ya mwisho wa masomo, njia zinazobaki ni tatu: kuendelea bila ulinzi, kununua mashine nyingine, au kuweka Linux, mfumo wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991.

Lakini kuna wakati kazi inaanza vizuri, kisha kioo kinaganda. Kipanya hakitembei, klavye haijibu. Hapo ni rahisi kuamini kwamba mashine imeharibika. Mara nyingi sivyo. Mahali ilipogandia panaonyesha ugonjwa, na vipimo vingi havina bei.

Imeganda kweli, au inangojea?

Bonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mfumo ungali hai. Intaneti ikiwa dhaifu, kisakinishi cha Linux kinaweza kusimama muda mrefu kikijaribu kuteremsha lugha na marekebisho. Anza upya bila intaneti, na usiweke alama kwenye sehemu ya kuteremsha marekebisho. Hayo yote yatafanyika baadaye, siku mtandao utakapokuwa mzuri.

Faili na fleshi

Ubuntu 24.04 ina uzito wa karibu giga 6. Linux Mint ni karibu nusu yake. Faili kubwa namna hiyo, ikiteremshwa vipandevipande, inaweza kufika imeharibika. Tovuti ya mfumo huandika alama za uhakiki ziitwazo SHA256, herufi na tarakimu 64. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Tarakimu moja ikitofautiana, faili si nzima. Zikilingana na bado inaganda, jaribu fleshi nyingine, maana kuna zile za bandia zinazodai giga nyingi kuliko zilizo nazo.

Kioo cheusi mwanzoni

Mashine ikiganda mara tu baada ya menyu ya kwanza, angalia kadi ya picha, zaidi sana ikiwa ni ya Nvidia. Kwenye menyu ya Ubuntu chagua mstari wenye maneno «safe graphics». Kwa Mint, «compatibility mode». Usipouona, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Kazi ikimalizika, huenda utarudia hivyo mara moja, ndipo uweke dereva ya Nvidia.

Kompyuta ndogo za Celeron na Pentium za aina ya Bay Trail, za miaka ya 2013 na 2014, zina ugonjwa wao: zinaganda wakati wowote, bila kuonya. Dawa iliyosaidia wengi ni kuandika intel_idle.max_cstate=1 mahali palepale, hata kama betri itaisha haraka zaidi.

RAM, diski na joto

Ubuntu 24.04 inahitaji RAM ya giga 4 na nafasi ya giga 25 kwenye diski. Kwa mashine ya giga 2, Lubuntu au Mint yenye Xfce ni mzigo mwepesi zaidi. Ikiwa kila mfumo unaganda, Windows pia, shuku vyuma vyenyewe. Programu ya Memtest86+ inapima RAM. Iache izunguke saa kadhaa. Diski inayogonga au kulia inaelekea kufa. Na katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkeno, vumbi jeusi linaziba feni: fungua, pangusa, kisha ujaribu tena.

Umeme

Hatari kubwa ni umeme kukatika wakati diski inagawanywa, kwani mafaili yanaweza kupotea. Chaji betri kwanza. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, usiianzishie kazi hii saa ambazo umeme wa mtaa wako huwa unakwenda na kurudi.

Kabla ya yote

Nakili mafaili yako kwenye diski nyingine, uyafungue ili uhakikishe yanasomeka. Kisha anzisha Linux moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kuiweka, na uitumie saa moja: sauti, WiFi, kioo. Isipoganda hapo, una matumaini mazuri.

Ukilazimika kumwendea fundi, andika kwenye karatasi aina ya mashine, ukubwa wa RAM na hatua ambapo iliganda. Na akitaka kufuta diski yote mara moja, muulize kwanza kama amepima fleshi na RAM. Diski ikifutwa, kitabu cha mwanafunzi hakirudi.